Uzi: Vibarua, wapagazi na mafundi wa kukodi kwenye kampeni ya D&D. Nani anawalisha?

Nyapara wa Dadu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Wachezaji wa Dungeons & Dragons (D&D), ule mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa kwa dadu katika mfululizo wa safari uitwao kampeni, na michezo ya ukoo huo, nawaita. Silaha tumeshajadili, majoka tumeshajadili, nani mkali kati ya mchawi na mpiganaji tumegombana mpaka uzi ukafungwa. Leo tuwazungumzie watu wa kukodi: mbeba mizigo, mshika mwenge, mpishi, mchunga nyumbu, kirangozi wa kuonyesha njia, nahodha, kuhani wa hekaluni anayetibu kwa pesa. Kwenye meza nyingi hawa wanaishia sentensi moja: "Tunaajiri watu sita wa kubeba vitu." DM (mwendesha mchezo) anaitikia, pesa inakatwa, na hao sita hawasikiki tena mpaka mtu akumbuke kuna mtego unataka mtu wa kutangulia.

Mimi nasema hapo mnatupa utamu wote wa safari. Tupige hesabu.

Kitabu cha mchezaji cha 2014, cha toleo la tano, kinawagawa watu wa kukodi mafungu mawili tu. Mwenye ujuzi, yaani fundi, mwandishi, askari wa kukodi na wa aina hiyo, dhahabu 2 kwa siku. Kibarua asiye na ujuzi, fedha 2 kwa siku. Kwa mgeni wa mchezo: dhahabu 1 ni fedha 10, na fedha 1 ni shaba 10. Sasa fungua ukurasa wa vifaa uone bei ya posho ya safari: siku moja ni fedha 5. Soma tena taratibu. Mtu analipwa 2 kwa siku, chakula chake cha porini ni 5.

Ukienda kwenye gharama za maisha unakuta maisha ya kifukara mjini ni fedha 2 kwa siku. Kwa maana hiyo kibarua wa mjini ujira wake wote unaishia kwenye kulala na kula, anasukuma siku. Mtoe mjini siku 20 umwambie ajilishe mwenyewe, anarudi na deni la dhahabu 6 huku mabega yamechubuka. Hakuna mwenye akili timamu atakayekubali. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mtu yeyote atakuuliza ukimwita kazini ni "posho juu ya nani?", na jibu ni moja tu: juu ya mwajiri.

Haya, chukua msafara wa kawaida. Wahusika 4, vibarua 6, kirangozi 1 kwa bei ya fundi. Watu 11, siku 20 kwenda na kurudi. Ujira wa vibarua unafika dhahabu 24, wa kirangozi dhahabu 40, jumla 64. Posho za watu 11 kwa siku 20 ni 220, zinagharimu dhahabu 110. Chakula kimeshapita mishahara yote.

Na hapo hatujagusa uzito. Posho moja ni ratili 2, kwa hiyo mnabeba ratili 440 za chakula. Kwa kanuni ya msingi mtu wa nguvu 10, yaani wa kawaida, anaweza kubeba hadi ratili 150, karibu kilo 68, ambayo ni mzaha. Tumia ile kanuni ya hiari ya mizigo: akizidisha ratili 50 anapungua mwendo, akizidisha 100 anajikokota na kila kitu kinamshinda. Kwa ratili 50 kila mmoja, vibarua sita wanabeba 300. Mmeajiri watu sita wa kubeba mizigo na hawatoshi kubeba hata chakula cha msafara. Mahema, kamba, mafuta ya taa na huo ubani wenu wa kufukuzia mizimu bado viko chini.

Ongeza nyumbu basi. Dhahabu 8, anabeba ratili 420, safi kabisa. Lakini malisho yake ni ratili 10 kwa siku, na kama mnapita jangwani ambako hakuna majani, siku 20 ni ratili 200 za chakula chake mwenyewe.

Hayo yote sijayatunga, yamo kitabuni, yametawanyika kurasa tofauti ndiyo maana watu hawayaoni pamoja. Mkishayaweka pamoja, kampeni inaanza kujiandika yenyewe: nani anapunguziwa posho siku ya 14? Nani anageuka njiani? Mnaificha wapi akiba ya kurudia?

Naomba uzoefu wenu. Mezani kwenu mnafanyaje?

Kuhani wa Mtogole

Siti ya mbele hapa. Karanga na kahawa tayari.

Bwana Mwenge

Mkuu Nyapara, heshima yako. Ila huu sasa ni uhasibu. Watu tumetoka kazini tumechoka, tumekuja kuua joka, wewe unataka tujaze fomu za NSSF za mpagazi. Sisi mezani kwetu DM anasema "mnalipa dhahabu 100 za safari" basi, yamekwisha. Anayetaka kupima ratili za maharage abaki gengeni.

Nyapara wa Dadu

Bwana Mwenge alisema: *"Anayetaka kupima ratili za maharage abaki gengeni."*

Hahaha, sawa mkuu. Lakini hiyo dhahabu 100 ya jumla haina shida yoyote, nakubaliana nayo kwa safari za barabarani. Ninachokataa ni safari ya kwenda kusikojulikana kuchezwa kama ya kwenda dukani. Kama hakuna kinachoisha, hakuna sababu ya kurudi. Na kama hakuna sababu ya kurudi, ramani ni picha tu.

Msomi wa Mapango

Nyapara umegusa penyewe. Ngoja niongezee historia kidogo, maana vijana wengi wameanzia toleo la tano, wanadhani vibarua ni pambo.

Mchezo huu ulipotoka 1974, mikononi mwa Gary Gygax na Dave Arneson, watu wa kukodi walikuwa nguzo yake. Ukitaka kuona vizuri chukua toleo la Basic la 1981, lililohaririwa na Tom Moldvay. Humo haiba ya mhusika ilikuwa na kazi moja kubwa: kukueleza unaweza kuwa na wafuasi wa kukodi wangapi na watakuwa na ari kiasi gani. Haiba 3, mfuasi mmoja mwenye ari 4. Haiba ya kawaida, kati ya 9 na 12, wafuasi wanne wenye ari 7. Haiba 18, wafuasi saba, ari 10.

Ari inapimwa kwa dadu mbili za pande sita. Zikizidi namba ya ari, mtu wako anakimbia. Na kila safari ikiisha unapima tena kujua kama mfuasi atakubali kurudi nawe. Kwa haiba ya kawaida, nafasi ya kushindwa ni 15 kati ya 36. Kwa haiba 18 ni 3 kati ya 36. Leo watu wanaitupa haiba kama takataka isipokuwa mchezaji ni mwimbaji au mchawi wa damu. Enzi zile kuitupa haiba maana yake unaingia shimoni peke yako.

Sasa kwa nini wapagazi walikuwa muhimu? Pesa ndiyo ilikuwa uzoefu, yaani pointi za kupandia levo. Dhahabu 1 uliyoifikisha nyumbani ilikuwa pointi 1, na sehemu kubwa ya pointi ilitoka huko, siyo kwenye kuua. Mpiganaji alihitaji pointi 2,000 kufika levo ya pili. Wapiganaji wanne wanataka dhahabu 8,000. Lakini sarafu 10 zilikuwa ratili 1, hivyo hiyo ni ratili 800 za dhahabu tupu. Mtu mmoja mwisho wake alikuwa sarafu 1,600, yaani ratili 160, na hapo anatambaa. Wanne wakijaza mpaka kooni wanabeba 640, bila upanga, bila ngao, bila mwenge. Levo yenu imebaki pangoni kwa sababu hamkuleta watu wa kuibeba.

Toleo la 2014 linasema sarafu 50 ni ratili 1. Dhahabu ileile 8,000 imekuwa ratili 160, na uzoefu unapatikana zaidi kwa kuua. Mpagazi alipoteza ajira hapo. Hakuna aliyemfukuza, kazi yenyewe ilikwisha.

Jambo lingine. Askari wa kukodi wa enzi zile walikuwa na msimamo: kwenye kitabu cha Expert cha mwaka huohuo, cha David Cook, mamluki anapigana nje, vitani, kulinda ngome. Mahandaki hagusi. Mtembea kwa miguu mwenye silaha nyepesi dhahabu 2 kwa mwezi, mpanda farasi mzito 20, na vita vikianza bei inapanda maradufu. Wataalamu ndio walikuwa wanakula pesa: nahodha 250 kwa mwezi, mhandisi wa majengo 750, mwanaalkemia 1,000, na mwanazuoni wa kukujibu maswali magumu 2,000. Mpiga kasia alikuwa anapata 2. Nadhani mmeona nani alikuwa na elimu na nani alikuwa na mikono.

Kete Mkononi

Mwanazuoni 2,000 kwa mwezi halafu unamuuliza swali anakwambia atafute kwanza 😂

Mama Majoka

Asanteni kwa madini. Mimi naendesha meza ya akina dada na kaka zetu mchanganyiko, na nina neno kwa Nyapara na Msomi wote wawili.

Mnaongea kana kwamba uchawi haupo. Mchawi wa levo ya kwanza ana ile sahani inayoelea. Anaifanya kama ibada bila kupoteza nguvu zake, anatumia tone la zebaki, na sahani inabeba ratili 500 kwa saa 1 ikimfuata nyuma. Hiyo ni kazi ya vibarua kumi kwa ratili zenu 50. Kundi likifika levo ya tano au ya sita, linapata mfuko wa kichawi unaomeza ratili 500 na wenyewe hauzidi 15. Biashara ya wapagazi imekufa.

Lakini nilipoiacha ife mezani kwangu, nikagundua inakufa kwa masharti. Sahani haivuki mteremko wa ghafla wa futi 10. Mkishuka kisima kwa kamba, sahani imebaki juu. Inadumu saa moja, kwa hiyo kwenye mwendo wa siku nzima mchawi wenu mwenye digrii anakuwa mkokoteni, kila saa anasimama kuanza upya. Na mfuko ukitoboka, kila kilichomo kinamwagika nje ya ulimwengu huu. Mimi nina goblini wenye mishale mingi. Wachezaji wangu sasa wanagawa mali: nusu mfukoni, nusu migongoni mwa watu.

Pili, huduma kubwa kuliko zote ya kukodi hamjaigusa. Hekalu. Kitabu cha 2014 kinasema uchawi wa levo ya kwanza au ya pili mjini unaupata kwa dhahabu 10 hadi 50, vifaa vya gharama juu yako. Chukua bei ya chini kabisa, dhahabu 10 kufungwa jeraha. Kwa kibarua hizo ni siku 50 za kazi bila kula. Kumfufua mtu kunahitaji almasi ya dhahabu 500 kabla hata kuhani hajataja sadaka yake. Kibarua angelazimika kufanya kazi siku 2,500, karibu miaka 7, kununua jiwe tu. Ndipo utajua kwa nini mashujaa wanafufuka na wapagazi wanazikwa.

Hayo ndiyo niliyotaka tuyazungumze. Siyo maharage. Mtu akifia kazini kwenu, mnafanya nini?

Bwana Mwenge

Mama Majoka umenipiga na kitu kizito. Ila nijitetee. Kibarua kwenye kitabu ana pointi 4 za uhai. Nne! Paka mwenye hasira anaweza kummaliza. Hata ukimpenda namna gani, mlango wa kwanza tu wenye mtego anaondoka. Sasa si bora aondoke akiwa na faida kwa kundi? Sisi tulikuwa tunamtanguliza na fimbo ndefu. Analipwa kwa hiyo kazi.

Mama Majoka

Analipwa fedha 2 kubeba. Kama unamtaka apime mitego hiyo ni kazi nyingine, na mwenye ujuzi huo ni fundi wa dhahabu 2, tena ataongeza hela ya hatari. Wewe umemwajiri kuli ukamtumia kama kondoo wa kafara.

Na kanuni ipo, watu hawaisomi. Kitabu cha DM cha 2014 kina kipimo cha hiari cha uaminifu, 0 hadi 20. Kilele chake ni haiba kubwa kuliko zote kundini, na mtu anaanza na nusu ya hapo. Ukimdhulumu, ukimdanganya au ukimweka hatarini kwa ubinafsi wako, kinashuka kwa dadu mbili za pande nne kwa mkupuo. Haiba ya kundi lenu ikiwa 14, anaanza na 7. Mlango mmoja tu wa fimbo ndefu unaweza kumfikisha sifuri. Na sifuri siyo kwamba anakimbia tu; ndiye anayejua mnalala wapi na nani ana mfuko.

Mezani kwangu nimeongeza na langu: habari zinafika mjini kabla yenu. Kundi lililorudi bila mtu wao hata mmoja likitafuta wengine, bei ni mara tatu na inalipwa yote mapema kwa familia.

Kete Mkononi

Mara tatu na mapema! Mama Majoka, wewe ni wa kuogopwa kuliko hao majoka.

Mgumu wa Machame

Wakuu, mimi D&D naijua kupitia wadogo zangu, sichezi sana. Ila kubeba mizigo ya wapenda milima ndiyo kazi iliyonilea, Kilimanjaro, na humu naona mnazungumza mambo yetu.

Kwanza hiyo ratili 50 ya Nyapara ni sahihi kuliko mnavyofikiri. Ni karibu kilo 23. Kwetu kiwango ni kilo 20 za mzigo wa safari, na getini kuna mizani, mzigo unapimwa. Vitu vyako mwenyewe, nguo na pa kulalia, ni juu ya hapo. Mwenye kanuni hiyo ya hiari anaelewa mgongo wa binadamu.

Pili, idadi. Wageni wanne hawashangazi mtu wakiwa na watu zaidi ya kumi nyuma yao: guide mkuu na msaidizi wake, mpishi, wa kuhudumia mezani, na sisi wagumu, yaani wabeba mizigo. Ninyi mnapeleka mashujaa wanne kwenye mlima wa joka na vibarua sita, halafu mnashangaa chakula hakitoshi.

Tatu, na hili sijaona mtu amelisema. Mgeni anatembea pole pole na mfuko mdogo mgongoni. Sisi tunakunja kambi baada yake, tunampita njiani, na akifika jioni anakuta hema limesimama na maji ya moto yapo. Maana yake anayefika kwanza mahali pageni ni mbeba mzigo. Kwenye mchezo wenu kila mara vibarua wako nyuma ya wapiganaji. Kama mnataka kambi iwe tayari jua likizama, basi wapagazi wenu wametangulia, na hilo joka wataliona wao kwanza.

Nne, mpishi. Usimlipe fedha 2. Mpishi mbaya ndiye anayeua safari, siyo mlima.

Nyapara wa Dadu

Mkuu Mgumu, hii ya kutangulia naiba leo leo. Wachezaji wangu wasisome huu uzi tafadhali.

Na mpishi nimemhamishia kwa mafundi.

Msomi wa Mapango

Naunga mkono. Na ukitazama misafara ya karne ya 19 kutoka pwani kwenda maziwa makuu, mpangilio ulikuwa uleule: kirangozi mbele na bendera, nyapara wa kusimamia watu, askari, wapagazi, mpishi. Mzigo ulikuwa kama frasila mbili, ratili 70 hivi. Kina Burton na Speke, wale wapelelezi Waingereza, walipoondoka pwani 1857 hawakuvumbua utaratibu wowote, waliukuta Wanyamwezi na watu wa pwani wanautumia, wakaukodi. Sidi Mubarak Bombay aliyefuatana nao alikuja kwenda tena na Speke, kisha na Stanley, kisha na Cameron. Kwa lugha ya mchezo, wahusika wakuu walikuwa wanabadilika, yeye anaendelea na kampeni. Levo yake ilikuwa kubwa kuliko ya waajiri wake wote.

Mjukuu wa Msafara

Mimi nipo Bagamoyo, na Msomi kanipa njia. Nataka kujibu swali la Mama Majoka kwa kuligeuza. Ameuliza mnafanya nini kibarua akifa. Mimi nauliza: ninyi mashujaa mkifa wote, vibarua wanafanya nini?

Kwenye meza nyingi kundi zima likifa, DM anafunga daftari, wachezaji wanatengeneza wahusika wapya. Lakini juu ya lile shimo kuna watu sita, nyumbu, posho za siku tisa, na hawajui kilichotokea.

Livingstone alifariki kwa Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia, 1 Mei 1873. Watu wake wangeweza kugawana vitu na kutawanyika. Wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake palepale chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga kwa magome na turubai, wakaubeba zaidi ya maili 1,000 hadi hapa kwetu. Walifika Februari 1874. Njiani, Unyanyembe (karibu na Tabora ya leo), walikutana na msafara wa Cameron, akawashauri wauzike huko. Wakakataa. Jacob Wainwright ndiye aliyesafiri na mwili mpaka Uingereza. Ulizikwa Westminster Abbey 18 Aprili 1874, na Susi na Chuma walifika huko mazishi yameshapita.

Sasa fanyeni hivi. Kundi likifa, wiki ijayo kila mchezaji apewe kibarua mmoja wa pointi 4 za uhai. Kazi: kurudisha maiti mjini. Uchawi wa kufufua unaokwenda na ile almasi ya 500 haukubali maiti aliyepita siku 10. Kuna uchawi wa levo ya pili wa kuzuia mwili usioze, na siku zake hazihesabiwi, lakini nani kati ya vibarua anaujua? Kuna upanga wa kichawi kiunoni mwa marehemu unaoweza kulisha vijiji vitatu. Kuna mfuko ambao hakuna anayejua kuufungua. Na hakuna aliyewalipa nusu ya pili ya ujira.

Hiyo jioni wachezaji wenu watajua majina ya vibarua wote.

Bwana Mwenge

Hii nimeikubali. Hii hata mimi nacheza.

Ila swali: hao vibarua wakiamua kuuza upanga na kugawana? DM anawazuia?

Mjukuu wa Msafara

Kwa nini awazuie? Kampeni mpya hiyo. Na marehemu wakifufuliwa na ndugu zao mwaka ujao, wana watu sita wa kuwatafuta.

Nyapara wa Dadu

Uzi umenoga. Kuna watu PM wameniomba mkataba tunaotumia, nauweka hapa kama ulivyo, mnaruhusiwa kuukata na kuongeza:

*Ujira kwa kadiri ya kitabu, nusu mkononi siku ya kuondoka, nusu siku ya kurudi au kwa mrithi aliyetajwa hapa. Posho juu ya mwajiri, kila siku, na ikipungua inapungua kwa wote, mashujaa pamoja. Mzigo hauzidi ratili 50. Kibarua haingii chini ya ardhi ila kwa hiari yake, na akiingia analipwa bei ya fundi kwa siku hiyo. Akiumia, uchawi wa kwanza wa kutibu jioni ni wake kabla ya mwenye michubuko. Akifa, mwili unarudi, na familia inapata fungu sawa na nusu ya shujaa mmoja katika mali ya safari hiyo.*

Hilo la nusu fungu limetoka mbali, Msomi atathibitisha. Wafuasi wa zamani walikuwa wanahesabiwa nusu.

Msomi wa Mapango

Nathibitisha kwa upande wa uzoefu: mfuasi alipata nusu ya fungu la pointi. Kwa mali mlipatana, na nusu ndiyo ilikuwa desturi. Ila angalizo, wale ni wafuasi wenye levo na silaha, wanaopigana ubavuni mwako. Mshika mwenge hakuwa na fungu. Ukimpa nusu kila mbeba kamba, wapagazi ishirini wamechukua mafungu kumi na mashujaa wanne wamebaki wanatazamana.

Mama Majoka

Soma vizuri Msomi, ameandika "akifa". Wasipokufa hawapati kitu zaidi ya ujira. Mimi napenda kipengele hicho kilivyo, kinamfanya mwenye fimbo ndefu apige hesabu mara mbili.

Msomi wa Mapango

Nimeona. Lakini hapo pia unampa mjanja mmoja sababu ya kumsukuma ndugu yake shimoni agawane na mjane.

Mama Majoka

Umenipa njama ya Jumamosi. Asante.

Kuhani wa Mtogole

Swali la mgeni, msinicheke. Nyumbu anaingia mahandakini au anabaki nje?

Msomi wa Mapango

Kwa toleo la 1981 nyumbu anaingia DM akiruhusu, ndiyo maana watu walimpenda kuliko farasi. Ngazi ya kamba hapandi. Na mtu mmoja abaki naye muda wote, kwa hiyo toa kibarua mmoja kwenye hesabu ya wabebaji.

Bwana Mwenge

Na posho ya huyo anayebaki na nyumbu inaachwa naye au inashuka na kundi?

Nyapara wa Dadu

Inaachwa naye. Ya siku zote, siyo ya siku mliyopanga kurudi.